Mrija wa Baba

Baba yangu aliokoka mara tatu, na mimi sikuamini hata moja.

Ya kwanza ilikuwa Chepseon, kwenye krusedi ya uwanjani. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, na mama akamshika mkono mbele ya watu kama bibi harusi. Wokovu huo ulifika Desemba. Vijana wakatoka jandoni, pombe ya wimbi ikapikwa kila boma, na Yesu akaombwa asubiri kidogo sherehe ziishe. Wokovu wa pili ulidumu wiki tatu.

Kwetu ni upande wa Bomet, si mbali na Kaplong. Wazee wetu walikunywa pombe ya wimbi wakiwa wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na maji ya moto yakiongezwa chungu kikipungua. Mrija haukuazimwa. Wa baba, alioachiwa na babu, ulikuwa na pete ya shaba karibu na mdomo, na ulikaa juu ya dari ya jikoni ndani ya ganda la mwanzi. Mara zote mbili baba alipookoka, hakuutupa mrija; ulibaki darini ukimngoja. Mama aliuona, nami niliuona.

Kisha mdogo wangu akazaliwa. Mama alikaa hospitali ya misheni siku tatu, na siku zote tatu baba alikuwa kwenye chungu. Mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, akafunga nguo kwa shuka, akambeba mtoto mgongoni na kwenda kwa kaka zake Londiani. Mimi nilikuwa darasa la saba, kwa hiyo niliachwa nimalize shule.

Haikupita miezi miwili, baba akaingia jikoni mchana, amelowa mvua, kikapu cha majani ya chai bado mgongoni.

"Nimeokoka," akasema.

"Wapi?" nikamuuliza, kwa sababu sikuwa nimesikia krusedi yoyote.

"Hapo chini kwa majani. Nilikuwa peke yangu."

Msimu wa majani ulikuwa umepamba moto na mikono ya kuchuma ilikuwa miwili, yake. Nikajiambia, huyu ameokoka kwa sababu chai imemshinda. Anamtaka mama arudi achume.

Habari zilifika Londiani kabla ya wiki kuisha. Mama akanitumia ujumbe kwa mdomo wa shangazi: "Mwambie msichana wangu aniangalizie huyo mzee. Akifunga shule aje aniambie. Akisema ni kweli, nitarudi. Akisema ni mchezo, nitakaa."

Basi nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yetu, na kusema kweli, kazi niliipenda. Nilinusa koti lake kila jioni. Nilipanda juu ya kiti nikakagua dari. Baba aling'oa wimbi lote nyuma ya nyumba akapanda chai, na majirani wakashangaa, maana chai ikishashika haing'olewi, huishi mpaka imzike aliyeipanda. Mimi sikushangaa. Niliona tamaa ya chai tu. Alianza kuomba kabla ya chakula, na nilikula nikimtazama kwa pembe ya jicho. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilikuwa nimetafunwa mara mbili.

Jumamosi moja nilipanda kiti, nikashika ganda la mwanzi, nikalikuta jepesi. Mrija haukuwamo.

Sikuwaza mara mbili. Nilivaa sweta yangu ya shule, nikakata njia ya chini mpaka boma la jirani yetu ambaye alikuwa rika moja na baba. Nikachungulia kwenye ua. Wazee walikuwa wamezunguka chungu kama kawaida. Baba alinipa mgongo. Aliketi mahali pake pa siku zote, mrija mkononi, kichwa ameinamisha. Nilihisi moyo umeruka kwa furaha, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa: nilifurahi. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo.

Agosti nikaenda Londiani. Mama alikuwa akimenya viazi mlangoni, mtoto anatambaa kwenye maganda.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Na?"

"Bado yuko kwa chungu, mama. Nimemwona na macho yangu."

Hakulia. Aliendelea kumenya kile kiazi mpaka kikabaki kidogo kabisa.

Oktoba yule jirani alinikuta kwenye foleni ya kupima majani. Alikuwa mkali.

"Baba yako ametutupa," akasema. "Ile Jumamosi kabla mfunge shule, amekuja akaketi na sisi, akashika mrija yake, lakini hakunyonya hata tone. Anatuangalia machoni, moja moja, anasema ameokoka, hatarudi. Halafu akanipa mimi hiyo mrija. Sasa niko na mirija mbili, na mdomo ni moja!"

Nilimwambia mzee, samahani, unamfichia mwenzako. Akafungua koti, akautoa. Pete ya shaba ya babu ilikuwa pale, karibu na mdomo.

Nilipaswa kupanda gari la Londiani siku ile ile. Badala yake nilijiambia, tungoje Desemba, Desemba ndiyo itasema. Desemba ikapita, baba akinywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kwenye kila sherehe, na wenzake wakimtania kwa lafudhi ya kwetu, "Pwana asifiwe, mchungaji!" Nikajiambia, tungoje Pasaka. Nilikuwa naona haya kumwambia mama kwamba macho yangu yalimdanganya, na kila mwezi uliopita uliongeza haya.

Kanisani, kila mara baba aliposimama kushuhudia, alisema hivi: "Mimi nimeokoka, nampenda Yesu. Mke wangu hajarudi, na hiyo ni matunda ya dhambi yangu. Nafsi yangu haimlaumu." Watu walisema amina. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mama alirudi miaka miwili ilipopita, bila kuulizwa na bila kumwuliza mtu. Mdogo wangu alishuka mgongoni, akamtazama baba kutoka chini mpaka juu, akamwuliza, "Wewe mzee, unataka nani?" Alikuwa amejifunza kuongea kwa watu wengine. Baba alicheka, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko kwenye chai yake kwa muda.

Nilimwambia baba mwisho wa miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza sekondari. Tulikuwa tunachuma ile chai iliyochukua mahali pa wimbi, mistari miwili imetutenganisha. Nilisema yote, kuhusu ua, Londiani, na jirani mwenye mirija miwili. Hakuacha kuchuma.

"Najua," akasema. "Niligeuka nikakuona hapo kwa ua, ukiondoka. Sweta yako ilikuwa nyekundu."

"Sasa mbona hukuniita, baba? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeamini?"

Sikutaka kumdanganya yeye pia. "Hapana," nikasema.

"Ndiyo hiyo. Nikasema mimi nitakaa tu ndani ya wokovu, mpaka mchoke kuniangalia." Akatupa majani kikapuni, akahamia mstari mwingine.

Asubuhi ile, kabla sijamfuata shambani, nilikuwa nimepita mlangoni ambapo koti lake lilitundikwa. Nilikuwa nimelinusa. Lilinuka majani mabichi na sabuni.