Kusa za dirishani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Inshirah Abdel-Shafi amekaa juu ya kreti la plastiki kwenye kona ya soko la Bakos, mjini Aleksandria, mgongo wake ukielekea uzio wa mabati. Nyuma ya mabati, katapila linang'oa reli. Mbele yake kuna beseni la maji ya chumvi, na humo zinaelea kusa, yale mamumunye madogo ya kijani yasiyozidi urefu wa kiganja.

Anachukua moja, anakata kikonyo, anaingiza kijiti cha chuma chenye mfereji, anazungusha, anavuta. Nyama ya ndani inatoka yote. Linabaki ganda jembamba lisilo na tundu pembeni, tayari kujazwa mchele na kupangwa sufuriani. Haitazami mikono yake. Anatazama barabara kubwa, kule yanakopita mabasi madogo.

"Wamo mle," anasema. "Wateja wangu wote wamo mle. Wanapita kila siku, na wengine hadi leo siwajui majina."

Umm Rifaat, yaani Mama Rifaat, kama anavyoitwa na wauza mboga wenzake, ana miaka hamsini na saba. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo aliimalizia kwenye kituo cha tramu, mahali alipoachiwa na mama mkwe wake, pale hasa liliposimama behewa la kwanza, la wanawake. Asubuhi, wanawake wakienda kazini mjini, walimwagiza dirishani bila kushuka. Alasiri, wakirudi, alihamia jukwaa la ng'ambo, akawapa mifuko yao dirishani vile vile, na pesa zikashuka kwa mkono uliopokea mfuko. Tramu haikusimama kwa muda mrefu, wala haikuhitajika. Maagizo yalikuwa mafupi: kilo moja, nyembamba, nitapitia.

Aliwajua kwa walichoagiza. Kulikuwa na Nusu Ndefu, kulikuwa na Kilo na Biringanya, na mmoja mwenye sauti nzito ambaye moyoni alimwita Zisizidi Kidole. Wao walimwita mama wa kusa. Anasema hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo, na walikuwa na sababu.

"Kusa hukombwa na mama mwenye nyumba," anaeleza. "Ndivyo mama wakwe wanavyoamini. Sasa mwanamke anatoka ofisini saa tisa, akombe saa ngapi? Ananunua kwangu, anafika nyumbani, anajifungia jikoni, anagongagonga sufuria kidogo, basi. Ukishajua jina la mtu na mtaa wake, kesho neno litakuponyoka. Mimi sikutaka kujua. Ndiyo heshima tuliyopeana."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa nyumba nyingi za upande wa mashariki wa mji huu, kata ilikuwa behewa la kwanza. Mwanamume hakupanda humo, kwa hiyo hakuna mwanamume aliyesikia.

Nyumbani kwa Umm Rifaat mwenyewe kuna siri ya namna hiyo. Mumewe, mtu wa miraba minne aliyebeba magunia bandarini hadi goti likamwangusha, ndiye anayekomba nusu ya kusa zote, chumbani, pazia likiwa limeshushwa. Mkewe anakiri kwamba mkono wa mzee ni mwepesi kuliko wake. Mzee aliomba jina lake lisiandikwe gazetini, na halijaandikwa.

Kuhusu kujengwa upya kwa njia ya tramu, hakuna awezaye kudai kwamba hakuambiwa. Matangazo yalibandikwa hadi kwenye mlango wa choo cha soko. Umm Rifaat anasema aliyaona na hakuyajali, maana tangu aolewe amekuwa akisikia kwamba tramu itang'olewa mwakani. Siku ya mwisho alikomba kusa kama siku nyingine, tena zaidi, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na Ijumaa ndiyo siku ya familia kukutana mezani.

Asubuhi wanawake waliagiza kama kawaida. Alasiri tramu ikarudi imejaa watu wasiokuwa na safari. Walikuja kuiaga. Simu juu, wengine wanaimba, na wanaume wamejipenyeza hadi kwenye behewa la kwanza kama vile siku ile sheria nayo ilikuwa inaagwa. Madirisha yote yalizibwa na wapiga picha. Nyuma yao, kwa mbali, Umm Rifaat aliwaona wateja wake wamenyanyua mikono wanapunga.

"Nikawapungia," anasema. "Nilidhani wananiaga. Machozi yakanitoka, nikapunga kwa mikono miwili. Kumbe wanadai kusa zao."

Tramu iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na ya baada yake. Ilipofika magharibi alikuwa bado na mifuko ishirini na kitu. Kila mfuko aliujua ni wa nani, ila hakujua aupeleke wapi.

Aliyempokelea mifuko ile ni Makram Habashi, mpiga pasi ambaye duka lake linatazamana na kituo. Aliitia kwenye friji lake la soda, ikakaa humo hadi ikabadilika rangi. Makram naye ana yake ya kusema. Vumbi la mradi linaingia hata mlango ukiwa umefungwa, na kazi imepungua kwa nusu. Duka la viatu la jirani yake limefungwa kabisa.

"Napiga pasi shati, nikiligeuza upande wa pili, upande wa kwanza umeshachafuka," anasema Makram. "Juzi mteja kaniuliza siku hizi nauza unga?"

Hata hivyo hataki kusikia kwamba mradi usimamishwe. Tramu ya zamani, anasema, ilimtikisia ukuta mpaka picha ya Bikira Maria aliyoitundika marehemu baba yake ikaanguka mara mbili, na aliyeirudisha ukutani ni yeye, si wanaolia sasa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa Umm Rifaat hesabu ilikuwa fupi na chungu. Zamani, akishalipa mboga, siku ya kawaida ilimwachia pauni mia tano. Wiki za kwanza za uzio hakufikisha hata mia moja. Wapita njia wa sokoni hununua kusa nzima, kwa bei ya kusa nzima, na kwenda zao. Anayehitaji iliyokombwa ni yule asiye na muda, na asiye na muda hapiti sokoni.

Akaamua kuwafuata. Alibeba beseni kichwani hadi yanaposimama mabasi madogo, akaanza kunadi, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kunadi. Makram alimwona akipita na hakuweza kunyamaza.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Umm Rifaat."

"Fumba mdomo wako, Makram, utaingia vumbi."

Siku ya tatu akamwona Kilo na Biringanya. Alikuwa amekaa dirishani kabisa, dirisha liko wazi, mkono ungefika. Macho yao yakakutana. Mwanamke akageuza uso, akatazama mbele, basi likaondoka.

Umm Rifaat hakumlaumu. Kando ya yule mwanamke alikaa mwanamume, nyuma wamejaa wanaume, na dereva alikuwa amepunguza sauti ya redio. Angetaja kilo moja tu, basi zima lingejua nani hakombi kusa zake.

"Kituo watanirudishia, hilo sina wasiwasi nalo," anasema. "Lakini duka langu lilikuwa lile behewa. Mimi miaka yote nikidhani duka ni hili kreti."

Wenye vibanda wawili waliokuwa jirani zake kituoni wamekata tamaa na kwenda kuuza mitaa mingine. Yeye alirudi kwenye kona yake, karibu na mabati. Mzee alimshauri waache kusa, wauze vitunguu, kwa kuwa kitunguu hakina siri. Alikuwa karibu kukubali.

Mwezi wa pili wa uzio, asubuhi moja, akaja sokoni bibi mmoja aliyevaa nyeusi, na fimbo mkononi. Nyuma yake alifuata mwanamke aliyeinamisha kichwa. Umm Rifaat alimtambua mwanamke yule papo hapo. Alikuwa Nusu Ndefu. Wala hakuhitaji kuambiwa bibi ni nani kwake.

"Nilitaka kuinuka nikimbie," anakumbuka. "Lakini beseni ningemwachia nani?"

Bibi alifungua karatasi aliyoishika na kutoa kusa moja iliyopikwa, imetoboka ubavuni, mchele umemwagika. Akaiweka juu ya ukingo wa beseni kama ushahidi. Kisha akaeleza, mbele ya soko zima, kwamba miaka tisa amekula kusa za mkaza mwana wake na kuzisifia kwa majirani. Tangu tramu ikatike, hakuna kusa iliyofika mezani ikiwa nzima. Kwanza alidhani binti anaumwa. Kisha akadhani ana ugomvi na mumewe. Mwisho akakumbuka ubovu ulianza Ijumaa gani.

"Nikamwambia, mwanangu, kumbe tramu ndiyo iliyokuwa inakukombea?" bibi alisema, na wauza mboga wakacheka hadi muuza samaki akaja kuuliza kuna nini.

Mkaza mwana huyo, Dawlat, ni karani wa forodha. Sasa anaweza kulisimulia jambo hilo huku akitabasamu, ingawa bado anatazama huku na huku kabla ya kuanza.

"Nilijua leo narudishwa kwetu," anasema Dawlat. "Badala yake mama akauliza bei, akapatana naye mpaka nikaona aibu, akachukua kilo mbili. Halafu akamuuliza, wewe mwanangu unaitwa nani? Miaka tisa mimi sikumuuliza hivyo. Mama kamuuliza siku ya kwanza."

Umm Rifaat aliweka kijiti chini. Anasema ilibidi afikiri, kwa sababu wanaomuuliza jina huwa wanataka jina la mwanawe.

"Inshirah," akasema mwishowe.

Bibi aliitikia kwamba ni jina zuri, kisha akaomba aongezewe kusa moja kwa ajili ya jina hilo. Aliongezewa mbili.

Habari ilipanda ngazi za jengo la bibi kwa kasi kuliko tramu yoyote. Wako mama wakwe waliokwenda nyumbani kuuliza maswali, na kuna nyumba mbili ambazo, kwa maelezo ya Dawlat, hazikulala vizuri. Lakini wengi waliona hakuna haja ya vita juu ya mboga. Dawlat akawatafuta wenzake wa behewa la kwanza, mmoja akamleta mwingine, na sasa wanaagiza kwa ujumbe kwenye simu ya mkaza mwana wa Umm Rifaat. Alasiri wanashuka kwenye kona, wanachukua mfuko mweusi uliofungwa vizuri, wanapanda basi linalofuata.

Wamerudi kumi na wanne. Siku njema humwachia pauni mia tatu. Zisizidi Kidole, yule mwenye sauti nzito, anaitwa Mufida na ni mkunga. Kilo na Biringanya naye amerudi, lakini hadi leo hataki kujiita vingine. Mama mkwe wake yuko hai na hajasikia lolote, na makala haya hayatamwambia zaidi.

Juu ya uzio limetundikwa bango lenye picha ya tramu mpya, nyeupe, ndefu, watu ndani wakitabasamu. Makram ndiye aliyemwonyesha Umm Rifaat kile ambacho yeye hakukiona. Madirisha hayafunguki, kwa sababu ndani kuna kiyoyozi. Umm Rifaat alimuuliza mlinzi wa mradi kama litakuwapo behewa la wanawake, mlinzi akamwelekeza kwa mhandisi, na mhandisi akasema hilo si la upande wake.

Habari ya madirisha ilimkalia vibaya kwa siku kadhaa. Anasema aliliona lile bango kama mtu aliyemfungia mlango usoni. Sasa ameshapata la kufanya. Milango lazima ifunguke, au sivyo? Atawaita kwa majina, na aliye karibu na mlango atapokea kwa niaba ya wenzake.

Ana mpango mwingine, na huu aliueleza nyumbani kwake, jioni, juu ya chai, akiwa na haya kidogo. Katika miaka yote ile hakuwahi kupanda behewa la wanawake hata mara moja. Saa za tramu ndizo zilizokuwa saa zake za kazi, na nyumbani ni mwendo wa miguu. Siku tramu mpya itakapoanza, anataka kukata tiketi, akae dirishani, apite Bakos, aone wenzake walikuwa wanaona nini.

Na siku hiyo kusa atauza nani?

Akaelekeza kidevu upande wa pazia.

"Mzee. Atakaa pale jukwaani mchana kweupe, kusa mkononi, mji mzima umwone. Nami nikipita nikampungia, asije akadhani namuaga. Nitakuwa nadai kusa zangu."

Nyuma ya pazia, kijiti cha chuma kikanyamaza.

"Mwandishi," mzee akasema, "andika kwamba sijakubali."