Siku Niliyosoma Tangazo la Lambo

Baba alikuwa kibarua katika mgodi wa almasi upande wa Maganzo, nasi tulibaki kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Tinde. Hakujua kusoma wala kuandika. Alipotaka kutuambia jambo alimwomba mwenzake wa kambini amwandikie, na barua ikaletwa na yeyote aliyekuwa akija upande wetu. Mama naye hakujua kusoma, kwa hiyo aliipeleka kwa karani wa baraza. Karani huyo alikuwa mpwa wa mtemi, chifu wetu. Alikuwa amesomeshwa katika shule ya bweni walikokwenda watoto wa watemi, na kwetu alikuwa mtu pekee ambaye kazi yake ilifanyika kwenye kiti.

Nilikuwa na miaka minane au tisa siku alipoisoma barua moja ya baba mbele ya watu. Mama alikuwa ameharibikiwa na mimba, na baba alikuwa amepata habari hizo mgodini. Karani alisimama barazani, watu wamejaa wakingoja mashauri yao, akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma matangazo ya serikali. Alipofika mahali baba anapouliza kama damu imekatika, alicheka, kisha akaurudia mstari ule. Baadhi ya wanaume wakacheka naye. Mama alinyoosha mkono akaichukua barua kabla haijaisha, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kaniki yake. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Kesho unakwenda shule ya misheni."

Nikamuuliza nani atachunga ndama.

"Nitawachunga mimi," akasema. "Wewe ukajue kusoma."

Shuleni watoto wa ukoo wa mtemi na watoto wa wanangwa, yaani wakuu wa vijiji waliokuwa chini yake, walikaa kwenye mabenchi. Sisi wengine tulikaa chini. Hakuna aliyetuamuru tukae chini. Tulipofika siku ya kwanza tulikuta mabenchi yamejaa, na yakabaki yamejaa kwa miaka minne. Sisi wasichana tulifundishwa herufi na dini, kisha katikati ya asubuhi tukatolewa nje kufagia na kushona, wavulana wakaendelea na hesabu. Nilichagua kufagia chini ya dirisha. Nilifagia sehemu ile moja mpaka ardhi ikawa na shimo, na hesabu za kugawanya nilizijua pale.

Mtihani wa darasa la nne ulipokwisha, mwalimu aliniita kando. Alikuwa mtu mpole, mgeni kutoka upande wa Kahama, mwenye mke na watoto wa kulisha.

"Umekuwa wa kwanza," akasema. "Wasichana na wavulana pamoja."

"Basi nitakwenda shule ya kati?"

"Nafasi ya msichana ni moja, nayo imekwisha." Akanitajia aliyeipata. Alikuwa binti wa mwanangwa wetu, aliyekuwa akinakili kibao changu kutoka juu ya benchi.

"Yeye amekuwa wa ngapi?"

"Usiniulize hivyo, mwanangu. Jina la kupelekwa hutoka barazani. Mimi nafundisha tu." Akanipa kitabu cha kusomea, kimetoka jalada, nikajisomee nyumbani. Nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa, lakini sikumwambia asante. Nimezeeka sasa na bado sioni kwa nini ningemshukuru.

Nikarudi kwenye ndama na jembe. Kwa miaka saba au minane elimu yangu ilikuwa ni kusoma barua za watu. Walikuja na barua kutoka Mwadui, kutoka Geita kwenye dhahabu, nyingine kutoka mashamba ya mkonge mbali kabisa. Nilizisoma ndani ya nyumba, mlango umerudishwa, na mwenye barua akitaka nirudie mstari nilirudia kwa sauti ya chini. Karani alijua wateja wake wamepungua. Tulipokutana njiani nilimwamkia shikamoo, naye aliitika huku akitazama ng'ombe.

Kisha ikaja habari ya lambo. Serikali ilitaka kuchimba lambo kubwa kwenye mbuga chini ya kijiji ili ng'ombe na watu wapate maji wakati wa kiangazi. Karani alisimama barazani akasoma tangazo: kila nyumba itoe mtu, siku tano kwa juma, na kama mume yuko mgodini basi mke aende. Tukaenda. Siku mbili tulichimba lambo. Siku tatu zilizobaki mwanangwa alitupeleka kwenye shamba lake la pamba, akasema na hiyo ni kazi ya lambo, kwa kuwa wasimamizi lazima wale. Wanawake walipalilia pamba yake watoto wakiwa mgongoni, na mashamba yao ya mtama yakamezwa na magugu. Jirani yetu mmoja, mjamzito wa miezi saba, alianguka pale shambani. Mwanangwa alisema apewe maji, kisha aendelee.

Jioni ile nilipita barazani. Tangazo lilikuwa limepigiliwa mlangoni, limepigwa chapa kwa Kiswahili, nikalisoma. Ajabu ni kwamba lilikuwa limekaa pale muda wote huo. Hawakuona haja ya kulificha.

Siku ya baraza nilikwenda na mama. Wanawake tulikaa nje ya uzio wa miti ya minyaa, tukisikiliza kwa upande. Karani alipoanza kusoma majina ya waliochelewa kazini, nilisimama, nikapita katikati ya wanaume mpaka mlangoni, nikaliondoa tangazo kwenye msumari wake.

"Rudisha hilo," karani akasema.

"Nitalirudisha nikimaliza kulisoma."

Nikasoma. Wanaume wazima wanaolipa kodi, siku mbili kwa juma, mpaka lambo likamilike. Wanawake wasilazimishwe. Nikasoma mara ya pili kwa Kisukuma, polepole, kwa ajili ya wazee. Nilipofika kwenye neno "wasilazimishwe" nililirudia.

Mwanangwa akasimama. "Nani amempa ruhusa msichana huyu kusema barazani?"

"Sijasema kitu," nikamjibu. "Haya ni maneno ya serikali. Kama nimesoma vibaya, karani yuko hapa, anisahihishe."

Karani hakunisahihisha. Mzee mmoja akamuuliza ni kweli au si kweli, naye akajibu kwamba mambo ya ofisi yana maelezo mengi ambayo raia wa kawaida hawezi kuyaelewa. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Kesho yake wanawake walikwenda kwenye mtama wao. Tarishi wa baraza alipita nyumba kwa nyumba akitisha, na kila nyumba ilimwambia kitu kimoja: alete karatasi inayosema wanawake waende. Hakurudi na karatasi.

Nililipia jambo hilo kabla ya mwaka kwisha. Hospitali ya misheni ilitaka wasichana wa kufunzwa uuguzi, wenye darasa la nne na barua ya tabia njema kutoka kwenye baraza lao. Nilikwenda kwa karani kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Aliandika nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, akidhani siwezi kusoma maandishi yaliyogeuka. Aliandika kwamba mimi ni mkorofi nisiyetii wakubwa.

"Peleka," akasema.

Nilipeleka. Nilitembea siku moja na nusu nayo. Sista mkuu aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Unajua kilichoandikwa humu?"

"Najua, Sista. Nilikataa kulimishwa pamba ya mtu, na wenzangu wakakataa. Hilo ndilo analoita ukorofi."

Akasema ananiamini, lakini hospitali haiwezi kugombana na mtemi. Akaagiza nipewe uji kabla ya kuondoka. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa na njaa. Sijasahau kwamba aliniamini. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Ningekuwa muuguzi mzuri, na ninasema hivyo bila haya.

Kiangazi kile maji yalikuwa ya kuchimbua kwenye mchanga wa mto mkavu. Shimo moja lilijaa taratibu sana, na wanawake walikaa kwenye foleni tangu jua linapochomoza. Hapo nilianza kufundisha kusoma, kwanza jirani yule aliyeanguka shambani. Sasa alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akaniomba nimwonyeshe jina la mwanawe linavyoandikwa. Nikaliandika mchangani kwa kidole. Siku ya tatu walikuwa sita. Mama alikuwa mmojawapo, na alikuwa mzito kuliko wote. Herufi moja ilimchukua juma zima, naye hakuiacha mpaka imkae.

Mwanangwa alikuja kutukuta. "Mnakusanyika kwa kibali cha nani?"

"Tunachota maji, baba," mama akamjibu, bila kunyanyua kidole chake kwenye mchanga.

Lambo lilipojaa kwa mvua za mwaka uliofuata, Bwana Shauri, afisa wa serikali, alikuja kutoka wilayani, akaagiza iundwe kamati ya kuangalia maji: zamu za kunywesha, uzio, nani achote wapi. Wenye ng'ombe wengi walitaka lambo zima liwe la mifugo. Karani alisimama akapendekeza sharti kwamba mjumbe wa kamati lazima ajue kusoma na kuandika, maana kutakuwa na barua za wilayani. Lilionekana sharti la busara. Nadhani alihesabu wanaume wa ukoo wake akaona wanatosha kuishika kamati ya watu saba.

Bwana Shauri akakubali. Akauliza ni nani wanaojua kusoma, wasimame. Walisimama wanaume wanne. Kisha upande wetu, nje ya minyaa, nikasimama mimi, akasimama jirani yangu na mtoto wake mgongoni, akasimama mjane mmoja wa kutoka Usumbwa, mmoja wa wale sita wa mchangani. Mama akasimama mwisho, akijishika kiuno.

Watu wakaguna. Karani akasema wanawake hawa, ukiniondoa mimi, hawakwenda shule. Bwana Shauri akachukua karatasi mkononi mwa karani akampa mama. Mama aliishika muda mrefu. Alisoma maneno matatu ya kwanza, moja moja, akivunja kila neno vipande, jasho likimtoka. Nilitaka kumsaidia nikajizuia. Alipomaliza la tatu alimrudishia Bwana Shauri karatasi.

Tulipata nafasi tatu kati ya saba. Mama hakuingia, kwa kuwa alisema binti yake anatosha. Tulipigania sehemu ya kuchotea maji ya watu, itengwe kwa uzio, ng'ombe wasikanyage, na tulishindwa vikao viwili. Kikao cha tatu mgeni kutoka wilayani alikuwepo, na mwenyekiti akatuomba kwa adabu sisi watatu tutoke tukapike chakula cha mgeni, mazungumzo yaendelee.

Nilimwambia kwamba uzio ndio shauri linalofuata na ningependa kulisikia. Wenzangu hawakuinuka. Tulikaa mpaka jambo likaamuliwa, kura nne kwa tatu upande wetu, mjumbe mmoja wa kiume akituunga mkono mbele ya mgeni, nikaliandika kwa mkono wangu kwenye daftari la kamati. Mgeni alikula alasiri, ugali wa mtama na mlenda uliopoa, na hakulalamika.