Matairi Mapana ya Kwenda kwa Wakwe

Kokoto zilipiga mabati ya jiko la mama, ka-ka-ka-ka, kama mtu amemwaga debe la mahindi kutoka juu. Sauti hiyo bado ninayo. Mvua ikianza kwa ghafla, mimi husimama kwanza nisikilize, nijue kama ni mvua ama ni gari.

Ilikuwa siku ya kumzika baba. Kwetu mwanamume akishazikwa, kifo lazima kifukuzwe nyumbani. Zamani walitoka na ng'ombe na mikuki wakikimbia na kupiga kelele, siku hizi wanatoka na pikipiki. Mtoto wa baba yangu mkubwa aliona pikipiki ni ndogo. Yeye ananunua dhahabu kule Osiri na kuiuza mbele, na alikuwa amekuja na gari jipya, la chini, injini kubwa, nguvu yote inaenda kwa magurudumu ya nyuma. Aliliingiza uani, akakata usukani, akakanyaga mafuta. Nyuma ya gari ikazunguka, kokoto zikaruka. Nyingi zilipiga mabati. Moja ilimpiga mama, aliyekuwa amekaa chini karibu na kaburi, juu kidogo ya jicho la kushoto.

Alishuka akicheka. Mama alikuwa ameshika uso, damu inapita katikati ya vidole.

"Vumbi la msiba hilo, mama," akamwambia. "Mzee ameenda kwa heshima."

Hakuna mzee aliyemkemea. Hema lilikuwa lake, na fahali tuliyekuwa tunamla alikuwa wake. Jeraha lilipona, jicho halikupona. Mama akishona sasa anafumba hilo la kushoto, anasema linaona kama mtu anayechungulia kupitia karatasi ya nailoni. Na huyo ndugu yetu hakurudi hata siku moja kumwambia pole. Mwanzoni hiyo pole ndiyo tu niliyokuwa nataka. Alipokosa kuileta, nikataka kitu kingine.

Mimi kwa kawaida ni mtu wa kucheka. Niliacha shule kidato cha pili, nikaingia duka moja la matairi hapa Migori kufagia, na kufagia kukanifundisha, kwa sababu ukifagia karibu na watu wanaobishana kuhusu rimu kila siku, mwisho unajua rimu. Siku moja nitakuwa na duka langu Homa Bay, mahali ziwa linaonekana, na rimu nitazitundika ukutani kama herini. Hiyo ndoto nilikuwa nayo kabla ya baba kufa. Baada ya kumzika, nilianza nyingine kando yake. Nikifagia, namlipiza yule mtu. Nikipanga matairi, namlipiza. Kichwani mwangu ameshapasuka suruali kanisani akienda kutoa sadaka, ameshafukuzwa na bata mzinga sokoni Masara watu wakitazama. Lakini hata kichwani sikuwahi kumuua. Nikikaribia hapo, moyo unakataa, naanza tena na suruali.

Halafu akaja dukani mwenyewe.

"Nyaminwa, dada yetu, kumbe hapa ndipo umejificha?"

"Ni hapa, omera, ndugu yangu. Karibu."

"Fanya hili gari likae vizuri. Jumamosi tunamzika baba mkwe, kule Homa Bay, njia ya Magunga. Nataka nikifika, wajue binti yao aliolewa."

Mke wake alikuwa ndani ya gari, macho yamevimba kwa kulia. Ni baba yake aliyekuwa amekufa. Na siku ya msiba wetu, huyo mama peke yake ndiye aliyechota maji akamwosha mama yangu uso. Nililikumbuka hilo kabla hata sijamsalimia.

Ndugu yetu alikuwa ameona picha za magari ya Nairobi. Alitaka tairi jembamba livutwe juu ya rimu pana, ukuta wa tairi ulale kama mtu aliyechoka.

"Hiyo sifungi," nikasema.

"Unaogopa nini?"

"Tairi likivutwa hivyo, na gari lina nguvu hivi, kona moja tu ya haraka linaweza kuchomoka kwenye rimu. Namwogopea wifi."

"Na mimi hunisikitikii?"

"Wewe una mke wa kukusikitikia."

Akacheka. Anapenda kutaniwa, hiyo siwezi kumnyima.

Basi nikamwonyesha aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya upana wa katikati, ina meno makubwa, ya kukaa kwenye rimu ya inchi nane. Hilo ni tairi la kutoka nyumbani na kurudi, matope yakiingia yanatemwa. Akalitazama akasema gari litafanana na la mwalimu mkuu. Ya pili ilikuwa pana sana, ya rimu ya inchi tisa na nusu, uso wake laini na mifereji michache ya kutoa maji.

Nieleze hapa, kwa sababu watu wengi hukosea. Kwa gari kama lile, magurudumu ya mbele yanaelekeza tu, ya nyuma ndiyo yanabeba kazi yote ya kusukuma. Ukiyapa tairi jembamba, ukigusa mafuta yanateleza. Ukiyapa pana, kwa rimu inayolitosha, linashika lami kama mtoto aliyeshika leso ya mama yake. Lakini lipeleke sasa kwenye ule udongo wetu mweusi, mvua ikiwa imenyesha. Pana haliwezi kuukata udongo lifike chini pagumu. Linakaa juu, mifereji inajaa, na ikishajaa umefunga vipande vya sabuni. Na wiki hiyo mvua ilikuwa inanyesha kila mchana.

"Haya ni ya lami," nikamwambia.

Wateja wengine nawaambia hivyo, halafu nawaonyesha kwa kidole, halafu wakilipa narudia, mpaka wananiuliza kama mimi ni nyanya yao. Yeye nilimwambia mara moja, kwa sauti ya upole, nikitabasamu.

"Kwani Homa Bay hakuna lami?"

"Iko."

"Basi funga."

Nikafunga. Alitaka ya mbele yalingane na ya nyuma, nikakataa, nikamwekea ya mbele membamba kidogo ili usukani usiwe mzito na tairi lisisuguane na bodi akikata kona. Sikuwa na ugomvi na usukani. Nati nilizikaza mwenyewe, upepo nikaupima tena baada ya fundi kuupima. Lami ya kutoka Migori mpaka Homa Bay ingempeleka salama, hata kwa mvua. Nilitaka aaibike, sikutaka afe.

Alipoenda kulipa, nikainama dirishani kwa mke wake. "Wifi, pole sana na baba. Lami ikiisha, shuka. Ingia nyumbani kwa miguu ukimlilia, na wamama wengine."

"Ndivyo nilivyopanga," akasema.

Jumamosi tulienda kama upande wa bwana, mimi na mama tukiwa nyuma ya pikapu na wamama wa ukoo. Mvua ilikuwa imepita asubuhi. Kila mtu mwenye gari alikuwa ameliacha kando ya lami. Tulipewa hema la wakwe, na nilipoona jinsi njia ya kuingilia ilivyokaa, nikahamisha kiti cha mama mpaka upande wa mbali, na viti vya nyanya wawili pia. Nikawaambia hema linavuja pale. Halikuwa linavuja.

Lazima msomaji ajue kwamba kwetu mwanamume akiwa kwa wakwe anakuwa mtu mwingine. Anatembea polepole, haongei kwa sauti, haonwi akiwa ovyo. Mama mkwe wake hata mkono hampi. Wote wawili wanapishana kwa heshima kama watu waliobeba mayai. Yeye alijua hayo yote. Lakini alikuwa na matairi mapya.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Mama akanishika mkono.

"Hiyo sauti naijua."

"Ni yeye, mama."

Aliingia na honi, mke hayumo. Alikuwa ameshuka njiani na alikuwa ndani na mama yake tayari. Katikati ya uwanja akakata usukani, akakanyaga, akingoja nyuma izunguke kama kwetu. Haikuzunguka. Gari liliteleza kidogo pembeni kama ng'ombe anayekataa josho, likatulia. Akakanyaga tena, magurudumu yakaimba na gari likakaa chini. Vijana aliokuja nao, wenye mashati meupe ya kufanana, wakaenda kusukuma kutoka nyuma. Akakanyaga. Mashati yote yakawa ya rangi moja na uwanja.

Hakuna aliyecheka. Kwa wakwe watu hawacheki, wananyamaza, na kunyamaza huko ni kubaya kuliko kicheko. Mwishowe akashuka mwenyewe, akalala kifudifudi achimbe chini ya tairi kwa mikono, suruali imeshuka nyuma kuliko inavyofaa. Na hapo ndipo mama mkwe alipotoka nyumbani, akiletwa kukaa karibu na jeneza. Akaona. Akageuza uso, akarudi ndani bila neno. Mzee mmoja wa pale akamfuata pale alipolala, akamwambia taratibu, "Mkwe, inuka. Tutaongea baadaye habari ya mbuzi wa faini."

"Nini kinaendelea?" mama akaniuliza. "Mimi naona kitu cheusi tu."

Nikamweleza sikioni, kuanzia mashati hadi suruali. Akauliza kama ameumia. Nikasema hapana. Akachukua kitambaa akafunika mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Nyanya wa kando akampapasa mgongo. "Nyamaza, mama, nyamaza, Mungu ndiye anajua." Mama akatikisika zaidi. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akicheka, na sasa alikuwa anacheka msibani, machozi yanatoka kwa macho yote mawili, na watu wakimpa pole.

Hizo pole nilizihesabu mahali pa ile ambayo ndugu yetu hakuileta.

Baada ya mazishi walilivuta gari kwa trekta mpaka kando ya lami, kisha wote wakaenda kula. Ndugu yetu alikuwa amekalishwa na wazee nyuma ya nyumba, anasikiliza. Mimi nikatembea peke yangu mpaka kwa gari. Matope yalikuwa yamejaa ndani ya rimu, na rimu ikibeba matope upande mmoja, gari hutetemeka likishika kasi, na wifi ndiye angekaa humo wakirudi. Nikatafuta kijiti, nikachuchumaa, nikachokora gurudumu moja baada ya lingine mpaka chuma kikaonekana.

Mlango wa dereva niliuacha na matope yake.