Kifuniko Namba Saba

Mzee Githae wa Theta amepiga gitaa kanisani miaka thelathini na moja, na gitaa yenyewe ni ya chuma mwili mzima. Ndani ya tumbo lake kuna kibakuli chembamba cha alumini, na nyuzi zikiguswa hicho kibakuli ndicho hutoa sauti, kama spika. Tangu mwaka jana kilikuwa kimechoka. Kila akianza pambio, gitaa inalia kama bati lililolegea msumari.

Alijaribu kuitibu mwenyewe. Alitia soksi mbili ndani, ikawa kama mtu anayeimba amejifunika blanketi. Akatoa soksi moja. Haikusaidia, na Jumapili hiyo akaenda ibadani na mguu mmoja mtupu ndani ya kiatu.

Ndipo mwenyekiti wa kanisa, mtu mpole sana, alipomwambia, "Mzee, tunakupenda. Lakini Jumapili ijayo gitaa ikilia hivyo tena, tutatumia kinanda cha Jackie."

Jackie ni msichana wa kwaya, na kinanda alinunuliwa na mjomba wake wa Membley. "Guka, usijali," alimwambia babu huyo. "Utakuwa unapiga makofi."

Githae hakulala vizuri wiki hiyo. Jumatano akabeba gitaa hadi Thika kwa Maluki, fundi wa sufuria na majiko. Maluki aliifungua, akaangalia ndani, akatoa soksi iliyobaki.

"Mzee, hii ni sufuria iko na nyuzi," akasema. "Kibakuli kimepasuka. Niletee alumini ya zamani, ile ngumu. Hizi za siku hizi ni karatasi."

Mkewe Idah, mama wa mtoto wao Njau, alikuwa amekwenda maombi ya akina mama Ruiru, siku tatu. Githae akaingia jikoni peke yake, jambo ambalo Mungu anajua hakulizoea, akaona kifuniko kikubwa kinaning'inia ukutani bila sufuria. Akafikiri, kifuniko bila sufuria ni cha kazi gani? Akakichukua.

Maluki alikigonga nusu siku juu ya kinu cha mti, polepole, akakisawazisha ukingo juu ya kioo cha dirisha ili kikae sawasawa. Katikati kulikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha.

"Nikwangue?"

"Wacha. Inapendeza."

Jumapili Githae alipogusa uzi wa kwanza, sauti ilitoka tamu na ndefu, ikaenda mpaka kwa watoto wa Sunday school nje, wakanyamaza. Bibi mmoja alitoa leso. Mwenyekiti akamwinamia Jackie, na Jackie mwenyewe akachomoa waya wa kinanda.

Baada ya ibada akina mama walikuwa na shughuli yao. Idah ametunza vyombo vya kikundi miaka sita nyumbani kwake, na siku hiyo alikuwa anamkabidhi Maggie. Kila sufuria na kifuniko chake vina namba ileile, imeandikwa kwa rangi ya kucha. Maggie alikuwa na daftari.

"Sufuria namba saba."

"Hii hapa. Imerudi jana kutoka matanga," Idah akasema.

"Kifuniko namba saba."

Idah akainua sinia, akainua karai. Akatafuta ndani ya gunia. Miaka sita hajapoteza hata kijiko.

"Nilikiacha ukutani," akasema.

"Mama Njau, tafuta tu," Maggie akasema, lakini wengine walishaanza kuangaliana.

Githae alikuwa ameketi kando, gitaa mapajani. Angenyamaza, hakuna mtu angejua. Lakini aliona mkewe akilipindua gunia mara ya pili. Akasimama.

"Kifuniko kiko kwangu," akasema.

"Wapi, Baba Njau?" Idah akamuuliza.

Akapiga uzi mmoja.

Maggie akaja, akavaa miwani, akachungulia kwenye matundu ya kifuani mwa gitaa. Mle ndani, saba nyekundu ilikuwa inamtazama.

"Bisibisi iko wapi?" akauliza mama mmoja.

Jackie akainuka kurudisha waya wa kinanda.

"Keti," Maggie akamwambia. "Hicho kimekuwa kama faneli ya kumiminia mafuta, kitafunika nini tena?" Akafungua daftari, akasoma huku akiandika: "Kifuniko namba saba, kipo. Kina nyuzi sita na mzee mmoja. Hakitenganishwi na sufuria yake."

Na neno la kikundi halirudi nyuma. Tangu hapo, sufuria namba saba ikienda harusi, Githae anaenda. Ikienda matanga, anaenda. Jumamosi iliyopita ilikuwa Ngoliba, kwa ruracio, sherehe ya mahari, na alipiga karibu na moto tangu maharagwe yatiwe mpaka yaive, jasho likimtoka. Idah, aliyekuwa hajamsemesha vizuri wiki mbili, alifunika githeri hiyo ya mahindi na maharagwe kwa sinia, akamgusa bega kwa mwiko.

"Namba saba," akasema, "sogea huku. Moshi unakuingia."