Sauti Yangu Bado Iko Kazini

Kazi yangu ilikuwa kusoma tanzia redioni. Kwetu Unguja mtu akifa huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo redio ndiyo inayowaita watu. Jamaa walikuwa wakifika studio na kikaratasi, nami hukisoma: marehemu ni nani, mama wa nani, msiba uko wapi, atasaliwa msikiti gani. Saa ya tanzia watu hunyamaza, hata wauza madafu na vijana wa bodaboda. Nimeifanya kazi hiyo tangu sijaolewa, na wallahi sikuwahi kuiona ndogo.

Redio yetu iko ghorofani, Malindi. Ukifungua dirisha unasikia honi za boti za Dar. Siku moja meneja akanipa kurasa chungu nzima nisome: visa, habari za mvua, majina ya vijiji kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. "Tunajaribu mitambo, dada," akanambia. Nikasoma mpaka koo likanikauka. Nikaletewa chai ya tangawizi, nikashukuru. Mjinga mie!

Baadaye akaniita ofisini, akafunga mlango, akabonyeza kompyuta. Nikajisikia nasoma tanzia ambayo sijapata kuisoma. Sauti yangu, lafudhi yangu, hata ule mpumuo wangu kabla ya kutaja msikiti. "Akili mnemba hiyo," akasema, uso umemchanua kama aliyepata mtoto. "Jamaa wataleta maneno kwa simu, yenyewe inasoma." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akainamia meza. Mkataba wangu ulikuwa unamalizika na hautaongezwa. Na sauti je? Ati hiyo ni mali ya redio, maana niliitoa nikiwa kazini. Nilikasirika, sifichi, na nikamwambia maneno ambayo hayasemwi redioni.

Kilichonikera zaidi, hakuna aliyenipa pole. Mtu akiachishwa kazi watu humjia, humliwaza, humtafutia pa kujishikiza. Mimi nani anipe pole, na kila adhuhuri niko hewani? Nikenda Darajani kununua samaki, mchuuzi ananambia, "Bi, leo umetusomea yule mzee wa Mkwajuni, Mungu amrehemu." Nikisema si mimi, anacheka. Nilikwenda Kendwa kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli. Bwana aliyenihoji hakunisikiliza sana, aliijua sauti mara tu nilipotoa salamu. Akaniuliza nataka kazi mbili za nini na wenzangu hawana hata moja. Nikajieleza weee, mpaka nikachoka, nikarudi mjini mikono mitupu.

Lakini aliyeniuma hasa ni mama. Yeye anakaa Chukwani, macho hayaoni tena ila kiwi, na redio haimtoki ubavuni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomesha mdogo wangu chuoni. Nilipomwambia nimeachishwa, alinuna.

"Usinfanye mtoto mdogo," alisema. "Nshakusikia jana, na leo pia nimekusikia. Kama umechoka kumsomesha mwenzio, sema umechoka. Uwongo wa nini?"

Mama yangu kuniona mwongo, tena bakhili! Nililia njia nzima, na watu wakaniangalia, na sikujali.

Nikarudi Chukwani siku nyingine, makusudi, kabla ya adhuhuri. "Shikamoo mama." "Marahaba," kavu kavu. Nikakaa naye mkekani, nikauchukua mkono wake nikauweka mdomoni pangu.

"Usiutoe mpaka tanzia zishe," nikamwambia.

"We una wazimu?" Lakini hakuutoa.

Redio ikaanza. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikasema mle redioni, na midomo yangu imefumba chini ya vidole vyake. Nikamtangaza bibi mmoja wa Mfenesini, nikawataja wanawe, nikataja ndugu, nikapumua, nikataja msikiti. Vidole vya mama vikaanza kunipapasa: mdomo, kidevu, vikashuka kooni, vinatafuta maneno yanatokea wapi. Koo limetulia tuli.

"Toba!" akasema. "Nani huyo?"

"Mashine, mama. Wameifundisha sauti yangu, mimi wakanitoa."

Akanivutia kifuani, akanambia nimsamehe. Nilifurahi, jamani, nisiseme uwongo. Kwa mara ya kwanza tangu nitolewe, kuna mtu aliyeamini kwamba sina kazi. Akanipa pole. Akamlaani meneja, na mama si mtu wa kulaani. Kisha akapapasa redio akaizima.

"Kwa hivyo mimi nikifa," akauliza, "atakayenisoma ni huyo?"

"Ni huyo, mama."

"Na wewe?"

"Na mimi nikifa, huyo huyo. Watu watanisikia najitangaza mwenyewe."