Dhahabu ya U Ba Htay

Basi la kijiji lilipoingia Mandalay, kila mtu aling'ang'ania dirisha isipokuwa Daw Nyo Sein. Yeye mkono wake ulikuwa kifuani, ndani ya blauzi, akipapasa kijikaratasi kilichofunga dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Marehemu mumewe, U Ba Htay, aliifua mwenyewe katika ujana wake, alipokuwa mfua dhahabu katika mji huu wa wafalme wa zamani. Siku ya ndoa alimwahidi kwamba watakuja pamoja, aibandike kwenye sanamu kuu ya Buddha huku yeye akimtazama. Ikapita miaka thelathini na moja. Mwaka huu ng'ombe anaumwa, mwaka ujao ukame, mwaka wa tatu binti kazaliwa. Ufuta wa mwisho ulipovunwa, U Ba Htay akafa, na ahadi ikabaki pamoja na dhahabu ndani ya kopo la tambuu.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu. Siku ya kwanza walipanda kilima, wakapiga picha, wakala tambi za mchuzi wa samaki mpaka wakajuta. Siku ya pili ilikuwa kasri, kisha hekalu, na saa sita basi liondoke. Wanawake hawaigusi sanamu ile. Wanaume ndio wanaobandika dhahabu, wanawake wanakaa mkekani wakitazama kwenye televisheni. Daw Nyo alilijua hilo tangu utotoni. Lililomnyima raha ni mkono wa nani ungeibandika, maana nyumbani kwake walibaki mabinti tu.

Jirani yake, Daw Thein Kyi, alimtolea mumewe kama mtu anayeazimisha mwiko.

"Mpe huyu wangu, shoga. Angalau leo afanye kazi ya maana."

"Huyo wako mikono yake imezoea karata," Daw Nyo alimjibu. "Niache kidogo."

Wenzake walipoingia kasrini, yeye alipanda bodaboda mpaka mtaa wa wafua dhahabu. Mlio wa nyundo aliusikia kabla ya kushuka. Hivi ndivyo mumewe alivyokuwa akigonga meza kwa vidole kila jioni, bila kujua kwamba anagonga.

Nyumba ya tatu kutoka kisimani, kama alivyosimuliwa mara mia, mzee mmoja aliketi kando ya karai la maji akilinda kifuu chenye kitundu kilichoelea humo, ndiyo saa ya wapiga nyundo. Kifuu kikizama, wapigaji hupumzika. Daw Nyo alitaja jina la mumewe. Mzee, U Kyaw Shein, alimkazia macho.

"Kumbe wewe ndiye uliyeninyang'anya mwenzangu? Nyundo yake na yangu zilipiga jiwe moja miaka tisa. Aliniaga kwamba anarudi baada ya mavuno. Mavuno gani hayo yasiyokwisha, shemeji? Yuko wapi?"

"Tumemzika, kaka. Baada ya ufuta."

Kifuu kilizama na mzee hakukitazama. Wapigaji waliendelea kupiga mpaka mmoja akaguna. Daw Nyo alimfungulia kijikaratasi, naye, kwa kidole gumba kilichopinda, akakiinua kwenye mwanga.

"Ni yake," alisema. "Pembe hii moja hakuwahi kuiweza. Nilimsema kila siku."

Daw Nyo alimweleza haja yake kwa maneno machache, na mzee akaenda kunawa mikono.

Hekaluni, Daw Thein Kyi alikuwa amemwekea nafasi mkekani, akinung'unika kwamba dereva ameshapiga honi mara mbili. Daw Nyo hakumsikia. Kwenye televisheni wanaume walisongamana, nyuso hazionekani, mikono tu ikipishana juu ya dhahabu. Kisha ukaingia mkono mkavu wenye kidole gumba kilichopinda kwa nje. Mpini wa nyundo ndio uliokipinda. Kidole kama kile kilimshika kiganja siku ya ndoa, kikawafunga mabinti wake nywele, kikapoa ndani ya mkono wake mwenyewe mwezi wa ufuta. Mkono uliibandika dhahabu na kuikandamiza taratibu, ukirudia pembe moja.

"Umechelewa," Daw Nyo alisema, machozi yakimtiririka.

"Si tumechelewa sote?" Daw Thein Kyi alimshika bega. "Inuka, shoga, basi linatuacha."

"Ngoja kwanza autoe mkono."