Riziki Ng'ambo ya Maji

Kuna siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo hata leo nikikaa kimya naiona yote. Wakati ule tuliishi kwenye ferme yetu, shamba dogo la ng'ombe juu ya kijiji cha Lubarika, pale tambarare inapoanza kupanda milima. Watoto wangu wote niliwalea pale. Asubuhi waliamshwa na ndama wanaolilia mama zao, si na mimi. Walikunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, povu likawabakia juu ya midomo, wakaenda masomo hivyo hivyo. Kila mtoto alikuwa na ndama wake, na ugomvi wa nyumbani ulikuwa huo tu: ndama wa nani amenenepa. Ah, kelele zile! Zingekuwa zinauzwa sokoni Katogota, ningezinunua zote.

Riziki, binti yetu mkubwa, alikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele. Baba yake alikuwa mtu mwema, lakini akikasirika hata mbuzi walikimbia. Siku hiyo alimkataza kuvusha ndama mto uliopita karibu na ferme, maana wingu lilikuwa jeusi juu milimani. Lakini majani mazuri yalikuwa ng'ambo, na mtoto ni mtoto. Akavuka.

Kwetu jua liliwaka. Mvua ilinyesha juu kabisa, sisi tukasikia tu mto unanguruma. Tulipofika ukingoni, maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yanabeba matawi, na Riziki amesimama upande wa pili na ndama wawili, analia.

Mume wangu akafoka: "Riziki! Si nilikukataza weye? Njoo hapa! Leo utaniona!"

Mwanangu, nikaona jambo ambalo sikuombei ulione. Mtoto aliogopa maji, lakini alimwogopa baba yake zaidi. Akatia mguu mtoni. Akatia wa pili. Maji yakamfika magotini, akayumba.

Ndipo akafika baba mkwe wangu, mzee wa kutembea na fimbo. Akamshika mwanawe mkono, akamwambia polepole: "Nyamaza. Ni weye unamuingiza mu maji, si mto."

Kisha akaketi kwenye majani kama mtu aliyekuja kupumzika, akaita: "Riziki, mama! Rudi nyuma kidogo, hapo iko matope. Niambie, Bihogo ameshiba?"

Bihogo ndiye alikuwa ndama wake. Mtoto akarudi nyuma, akafuta makamasi.

"Ameshiba, Babu."

"Na ule mwingine?"

"Huyu anakula tu, hana haya!"

Mzee akacheka, kicheko cha kweli. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu: habari za ndama, za wenzake wa masomo, za sombe, yale majani ya muhogo niliyoacha jikoni. Riziki akakaa chini, akamwegemea Bihogo. Jua lilipoingia nyuma ya milima, maji yalikuwa yamepungua. Mume wangu akavua viatu, akavuka, akambeba mgongoni. Ndama wakafuata nyuma.

Kesho yake mzee alimwonya Riziki kuhusu ule mto, kwa ukali hasa, na mtoto akasikia vizuri maana hofu ilikuwa imemtoka. Halafu akamgeukia mume wangu: "Mutoto akiwa mu hatari, muite kwanza. Kumugombeza, kesho iko."

Miaka ikapita. Riziki akaenda kusoma Bukavu. Siku moja simu ikalia, akamtaka baba yake, si mimi. "Papa, niko na mimba." Mume wangu akaketi. Kisha akasema, "Uko muzima, mama? Rudi nyumbani. Tutaongea."

Akarudi. Mwenzake mmoja aliyepatwa na jambo hilo hilo aliogopa kusema kwao. Alikunywa dawa ya kutoa mimba kwa siri, na tulimzika. Riziki wetu alijifungua, akamaliza masomo yake, na mtoto wake alijifunza kutembea akishikilia mkia wa ndama.

Basi wewe unayelea sasa, hata kama huna ng'ombe, hata kama nyumba yako iko katikati ya Uvira na watoto wako wanacheza barabarani, nisikilize. Kuonya ni lazima, na mtoto asiyeonywa ameachwa. Lakini akiwa ameshaingia kwenye shida, sauti yako iwe mahali pa kukimbilia. Mtoe kwanza. Ukali utaupata baadaye, hauozi.

Mungu akupe watoto wa kukupigia simu wewe kwanza siku mbaya. Nyumba yako isikose maziwa wala kicheko, na kila utakapoita jina la mtoto wako, aitike kwa furaha.